Jirani Aliyetuandika Sote

Jina lake silitaji. Aliandika habari za akina mama wa ploti yetu kwa miaka kumi na moja bila kumtaja hata mmoja kwa jina lake la kweli, na sioni kwa nini mimi ndiye nianze kukosa adabu. Tulimwita Mwandishi. Watoto walimwita Mwalimu Mwandishi, kwa kuwa hawakuamini kwamba mtu mzima anaweza kuandika kutwa nzima na asiwe na darasa la kufundisha. Mzee mwenye ploti alimwita yule mama wa taipu, ingawa taipu hakuwa nayo. Alikuwa na kompyuta ndogo ambayo kifuniko chake kilishikiliwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani na aliolewa na nani, hayo nayaacha. Kwetu habari kama hizo husomwa kwenye mazishi, tena kwa kipaza sauti, na yeye hajafa.

Ploti yenyewe iko Migosi: nyumba nane, geti moja, bomba moja la maji. Yeye alikaa namba nne, mimi namba tano, na ukuta wa katikati ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya kwangu, yeye alinipa pole kwake. Mimi nashona sare za shule soko la Kibuye. Kazi yangu inaeleweka: mtoto anakuja uchi kidogo, anaondoka amevaa. Kazi ya Mwandishi ndiyo iliyotushinda. Aliandika kuhusu kulea watoto, kuhusu maisha ya nyumbani na kuhusu mahali pa kale, na alimwandikia yeyote aliyekubali kupokea, gazeti, jarida au tovuti. Hakuwa ameajiriwa na mtu. Mama Atieno wa namba sita alimhoji bombani wiki ya kwanza tu.

"Sasa bosi yako ni nani?"

"Sina bosi."

"Na nani ndio hukuambia uandike?"

"Mimi huandika, halafu nawatumia. Wakipenda wanachukua, wasipopenda wananyamaza."

"Ai yawa," akasema Mama Atieno, akijitwisha ndoo yake. "Hiyo si kazi. Hiyo ni kungoja kuolewa."

Mimi nilimsoma Mwandishi kuliko mtu yeyote Kisumu. Msidhani ni kwa sababu napenda kusoma. Nilikuwa nimemwambia siri moja, na kila makala yake ilipotoka niliifungua roho mkononi, nikiitafuta siri yangu humo ndani. Nilisoma habari za kuota meno, za kunyonyesha, za maboma ya mawe, za stesheni ya reli ya zamani, zote hadi nukta ya mwisho. Yeye aliona akadhani nina kiu ya elimu. Akaanza kuniazima vitabu.

Siri yenyewe nitaisema hapa hapa, maana bila hiyo mtaniona mwendawazimu. Akinyi, binti yangu wa pekee, alipokuwa na miezi minane nilimpeleka kwa mama yangu Port Victoria. Nilisema narudi Kisumu kwa siku tatu kumaliza sare za Januari, kwa kuwa shule zilikuwa karibu kufunguliwa na nilikuwa na rundo la kaptura zisizo na mikanda. Nikakaa wiki tatu. Kaptura zilikwisha siku ya nne. Siku zilizobaki nililala, nikala chakula kikiwa bado moto, nikaoga mpaka maji yakaisha kwenye beseni na hakuna aliyelia. Na mchana mmoja, nikimenya chungwa mlangoni, nikawaza: na nisiporudi je? Wazo hilo lilikuwa tamu. Siri ndiyo huo utamu. Mtoto nilimrudia, lakini utamu ule sikumwambia mume wangu, wala mchungaji, wala mama yangu.

Nikaenda nikamwambia mwandishi wa habari za malezi. Akili zangu wakati mwingine huwa zimeenda sokoni.

Ilikuwa mwaka wake wa tatu pale. Alikuwa kwangu, mvua ikamkamata huko huko, na mvua ya Kisumu ikipiga mabati hakuna jirani anayeweza kusikia kitu hata akibandika sikio ukutani. Nadhani hilo ndilo lililonifungua mdomo. Nilisema yote, mpaka chungwa. Yeye alichomeka kalamu kwenye nywele, akanitazama, akasema, "Mm." Basi. Mvua ikaisha, akaenda zake. Hiyo "Mm" niliigeuzageuza miaka mingi bila kupata maana yake.

Sasa mjue jinsi alivyofanya kazi, ndipo mtaona kwa nini niliogopa. Hakuwa na ofisi. Ofisi yake ilikuwa dirisha la jikoni, ambalo lilitazama bomba, na bombani ndiko maisha yote ya ploti yalikopitia. Mtoto akikataa kuoga, Mwandishi ameona. Mama akimfukuza mtoto na mwiko, Mwandishi amehesabu hatua. Aliandika kwenye madaftari ya shule ya mraba mraba, na daftari likiwa mbali aliandika kwenye pakiti ya unga, kwenye kiganja, na siku moja kwenye kitambaa cheupe nilichokuwa nimemwekea kumpima. Nilikishona hivyo hivyo. Kuna sketi yake ambayo kwa ndani imeandikwa "usimlazimishe uji."

Yeye mwenyewe hakufuata hata robo ya aliyoyaandika. Kuna makala yake juu ya kuwasemesha watoto kwa sauti ya chini ambayo ninaijua kwa moyo, kwa sababu niliisikia ikiandikwa. Kila baada ya sentensi mbili ukuta ulitetemeka: "Zimeni hiyo redio, nimesema mara ngapi!" Kisha kimya, kisha vidole kwenye kompyuta, kisha ukuta tena. Ilipotoka ilikuwa nzuri sana, ya upole. Niliisoma nikalia kidogo.

Aliandika pia kwamba familia ikila pamoja mezani, watoto hukua na maneno mengi na hasira kidogo. Kwake meza ilikuwepo, lakini hakuna mtu aliyewahi kuuona uso wake, ilivyojaa vitabu na ramani. Yeye na wanawe wawili walikula wamesimama, sahani juu ya friji, kila mtu upande wake. Basi mhariri mmoja wa Nairobi akataka picha ya familia ikila. Mwandishi akaja kwangu kuazima meza. Nikampa. Akarudi kuazima kitambaa cha meza. Akarudi tena, ameinamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza, akaniuliza kama ningemwazima Baba Akinyi kwa dakika kumi, kwa sababu picha ilikosa baba.

Baba Akinyi ni dereva wa lori, mtu wa kimya, asiyejua kukataa. Alivaa shati la kanisani akaenda. Picha ikatoka kwenye jarida: mume wangu anatabasamu, anampakulia Mwandishi sukuma wiki, watoto wasio wake wamemkodolea macho kwa upendo, na mezani kitambaa changu cha harusi. Wiki hiyo simu ya Baba Akinyi haikupumzika. Dada yake alipiga kutoka Ugenya, hakusalimia.

"Tunasikia umeoa wa pili, tena umemweka kwa gazeti. Sisi si watu? Tungeambiwa hata tukaja na kuku."

"Si mke, ni jirani," akasema Baba Akinyi.

"Jirani gani unampakulia mboga? Huyu wako wa kwanza umewahi kumpakulia?"

Hapo alikata simu, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na jibu lilikuwa hapana. Tangu siku hiyo hunipakulia mboga kila Jumapili, kwa hiyo siwezi kusema maandishi ya yule mama hayakusaidia familia.

Tatizo lake kubwa lilikuwa majina, na hilo nadhani lisingempata mwandishi wa mahali pengine. Kwetu mtoto wa kike akizaliwa asubuhi ni Akinyi, jua likiwaka ni Achieng', jioni ni Adhiambo, usiku ni Atieno, na mvua ikinyesha ni Akoth. Mama naye huacha jina lake akachukua la mtoto. Mwandishi alipotaka kumficha mtu aliona njia rahisi: alisogeza saa ya kuzaliwa. Alitaka kueleza jinsi mimi, Mama Akinyi, nilivyojifungia chooni nikala chapati peke yangu ili mtoto asiniombe. Ni kweli nilifanya hivyo, na ningefanya tena. Akamtoa mtoto asubuhi akampeleka usiku, akaandika "Mama Atieno". Akaona amemaliza.

Mama Atieno wa namba sita alifika bombani na gazeti limekunjwa kama rungu.

"Mimi nikule chapati kwa choo? Mimi?"

"Hiyo si wewe," Mwandishi akasema. "Kina Mama Atieno ni wengi Kisumu."

"Ni wengi. Lakini wenye wanajua wewe ni wangapi? Mume yangu amesoma hii kitu kwa kazi, kwa sauti, mbele ya watu. Amerudi anauliza kama chapati iko ingine."

Mimi nilikuwa pale nimeinamia ndoo, nikisugua mahali palipokwisha kuwa safi. Sikusema kitu. Mungu anisamehe, na Mama Atieno pia, kama atasoma hapa.

Mwandishi akajifunza, akasogeza saa nyingine. Achieng' akakuta yuko namba mbili. Adhiambo akakuta ni mke wa mwenye ploti, tukakosa maji siku mbili. Akakimbilia Akoth, kwa sababu hakukuwa na Akoth pale getini, akaandika kwa raha makala tatu nzima. Mwezi huo huo namba nane ikapata mpangaji mpya, mama mdogo mwenye haya, na mtoto mgongoni aliyezaliwa siku ya mvua. Yule mama hata hakuwa amefungua mizigo, tayari watu wanamuuliza kwa nini humlaza mtoto na soksi.

Saa za siku zikamwishia. Akaamua kuandika "mama mmoja wa mtaani kwetu", bila jina lolote, na hapo ndipo moto ulipowaka sawasawa, kwa kuwa sasa mama mmoja alikuwa sisi sote. Akiandika "mama mmoja mwenye subira", wanawake watano walimshukuru siku hiyo hiyo. Akiandika "mama mmoja aliyemsahau mtoto kwa kinyozi", sote saba tulinuna. Tukafanya mkutano bombani, tukapitisha sheria: kabla ya kutuma kitu chochote, atatusomea kwanza.

Alikubali. Alikuwa mtu wa kukubali, hilo lazima niseme. Akatoka na kiti, akatusomea makala kuhusu watoto wanaokataa chakula.

"Hapo kwa 'akatema', toa," akasema Mama Achieng'. "Mtoto yangu hatemi."

"Weka pia alikuwa amenawa."

"Na hiyo kamasi ni ya nini? Inasaidia nani?"

"Sema alisalimia wageni."

Aliandika yote tuliyosema. Makala ikaenda Nairobi ikiwa na watoto wanane safi, waliokula kila kitu, wakanawa, wakasalimia, wakalala. Mhariri akajibu kwa mstari mmoja, na Mwandishi akatusomea: mtaa huu uko wapi, nataka kuhamia. Sheria ile ilikufa jioni hiyo.

Mimi katika mikutano yote hiyo nilipiga kelele nyingi kuliko wenzangu. Nilidai siri za watu ziheshimiwe, nikapigapiga ndoo. Yeye alinitazama tu juu ya miwani. Hakuwahi kunivuta kando kuniambia usiogope, na hilo lilinichoma. Nilimpenda na nilimchukia, mara nyingi siku moja, na wakati mwingine katika kikombe kimoja cha chai.

Kuhusu mahali pa kale alikuwa mtu mwingine kabisa. Nyumbani alikuwa na usingizi wa kukaa, lakini umtajie ukuta uliojengwa na watu waliokufa, akawa ameshavaa viatu. Alikuwa na msemo wake kwamba mahali pa kale hapahitaji kusifiwa, panahitaji choo. Alisema pia mtoto ni mgeni aliyekuja na mizigo, usifungue mabegi yote siku moja. Na alikuwa na mwingine, kwamba ukitaka kujua jengo lina umri gani mwulize mtu aliyekatazwa kuingia. Huo sijauelewa hadi leo, ila nimewahi kuutumia kanisani na watu wakatikisa vichwa.

Siku za likizo alikusanya watoto wa ploti akawapeleka kuona. Mimi nilikwenda nao kila mara. Nilisema ni kumsaidia kuwahesabu. Kanuni yake ilikuwa moja: alibeba ndoo ya mandazi, na kila aliyeuliza swali zuri alipata moja. Jibu halikuwa na mandazi. Watoto waliokuwa mabubu darasani walirudi wametapakaa mafuta hadi masikioni.

Kule Thimlich Ohinga, kwenye yale maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikiza, milango ni mifupi na myembamba, mtu anainama ndipo aingie. Mwandishi aliinama, akaingia nusu, akabaki. Watoto wakamvuta kwa mbele, mimi nikamsukuma kwa nyuma, na yeye huko katikati akaendelea kufundisha.

"Ndio mnaona sasa," sauti yake ikatoka ndani. "Adui akija, anakwama hivi, na nyinyi mko ndani na mikuki."

"Swali!" mmoja akapaza sauti. "Na adui akikwama kabisa, wenye nyumba walitoka wapi?"

Alipata mandazi mawili, yakapitishwa juu ya ukuta. Baadaye makala ilisema kwamba milango ile ilijengwa kwa hekima ili kuwazuia maadui. Mimi ndiye ninayeshona sketi zake, na kipimo cha adui huyo ninacho.

Lakini safari iliyoniumiza ilikuwa ya Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana kule njia ya Bondo, ambayo jina lake ni mawe ya mke wa kwanza. Mzee aliyetuongoza alieleza jinsi bwana mmoja wa zamani alivyoyapenda mawe yale akawa anashinda humo siku nzima, na mke wake mkubwa akawa anampelekea chakula huko huko kila siku, mpaka watu wakayaita kwa jina la mke. Mzee alieleza vizuri, kwa heshima. Akinyi alikuwa na miaka minane wakati huo. Akainua mkono.

"Na watoto aliwaacha na nani?"

Mzee akakuna kichwa, akasema miaka yote ambayo ameongoza watu pale hajaulizwa hilo. Mwandishi akageuza kichwa taratibu, akanitazama mimi, akatia mkono kwenye ndoo, akampa Akinyi mandazi matatu. Hajawahi kumpa mtoto yeyote matatu. Nikakaa juu ya jiwe la mke wa kwanza bila kuomba ruhusa ya mtu.

Makala ilipotoka, swali la Akinyi ndilo lililokuwa kichwa cha habari. Niliisoma mara tisa. Alieleza mawe, akaeleza njia, akaeleza kwamba hakuna choo. Chini kabisa akasema kuwa watoto wa yule mama huenda walibaki na nyanya yao, kama wanavyobaki wengi hadi leo, na kwamba historia haisemi mama alikuwa anawaza nini akipanda na chungu chake, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Ikaishia hapo. Nilingoja makala iliyofuata kana kwamba nangoja majibu ya hospitali. Ilikuwa ya kuota meno.

Miaka minne iliyopita alihama akaenda kukaa Usenge, karibu na ufuo wanakoanika omena, dagaa wa ziwani. Alisema mtu akifika umri fulani anapaswa kukaa mahali ambapo akinyamaza hakuna anayedhani anaandika. Namba nne akaingia kijana anayeuza simu, hatazami dirishani kamwe. Bombani tukaanza kuwakaripia watoto kwa sauti ya kawaida. Mama Atieno alikuwa wa kwanza kulalamika kwamba siku hizi mtu anafanya jambo zuri na halionekani popote.

Mwaka huu akapiga simu. Macho yamefunga, mtoto wa jicho kote kuwili, anangoja zamu ya kufanyiwa upasuaji. Ana gunia la madaftari na anataka kutengeneza kitabu, lakini hawezi kuyasoma. Alimtaka Akinyi, ambaye sasa yuko chuo na ana sauti nzuri, aende amsomee siku moja au mbili. Nilimwambia Akinyi ana mafua.

"Sina," akasema Akinyi, aliyekuwa amekaa kando yangu.

Tulikwenda sote wawili. Njia nzima nilikuwa nikitafuta namna ya kulisoma lile gunia kabla yake. Nilifikiria hata kulimwagia chai.

Tulimkuta nje ya nyumba, amekaa kwenye kiti cha plastiki, amenenepa, amevaa ile sketi ya uji. Alinitambua kwa kikohozi. Nyavu zilikuwa zimetandazwa hadi karibu na miguu yake, omena zinang'aa juu yake, na kuku wa jirani wakinyemelea. Akinyi akakaa kwenye mkeka akafungua daftari la kwanza. Utaratibu ulikuwa rahisi: yeye anasoma, Mwandishi anasema "weka" au "choma". Nilijitolea kusoma mimi. Mwandishi akasema mimi husoma kama mtu anayepima kiuno.

Asubuhi yote ikapita hivyo. Tulicheka mno. Ilikuja chapati ya chooni, ikaja picha ya meza, ikaja kamasi tuliyoifuta. Akinyi alisoma kwa sauti ya kila mtu, na mimi nilicheka huku natokwa na jasho mgongoni, maana madaftari hayakuwa na mpangilio wa miaka na mvua ile ingeweza kutokea wakati wowote. Nikasema tupumzike tule. Hakuna aliyenisikia. Akinyi akafungua daftari la kijani.

"'Jumanne. Mvua,'" akasoma. "'Mama Akinyi ameniambia jambo. Omena yake ina chumvi mno. Sikusema.'"

Akageuza ukurasa. Akaugeuza tena nyuma.

"Imeisha hapo. Jambo gani, Mama?"

Mwandishi ghafla akashughulika na kuku. "Hao wamefika kwa omena ya watu," akasema, ilhali kwa macho yale asingeweza kutenganisha kuku na beseni.

Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa shukrani, kubwa, ya kutaka kupiga magoti mchangani. Hakuwa ameiandika siri yangu hata pale ambapo hakuna mtu angesoma. Cha pili kilikuja upesi mno nyuma yake.

"Chumvi mno?" nikasema.

"Ilikuwa mno."

"Ulikula sahani mbili!"

"Nilikuwa mgeni."

"Mama," Akinyi akasema. "Jambo gani?"

Nilimtazama Mwandishi anisaidie. Alikuwa amefumba macho kabisa sasa. Basi nikasema mwenyewe. Nilisema vibaya, nikaanzia katikati, nikataja kaptura mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikasema wiki tatu. Nikasema chungwa, na nilichowaza nikilimenya, na kwamba kilikuwa kitamu. Nilisema nikitazama nyavu, kwa sababu uso wa Akinyi sikuuweza.

"Ah, hiyo ya Port?" akasema Akinyi. "Si dani aliniambia kitambo, nikiwa darasa la tano."

Mama yangu, dani yake, amefariki miaka sita sasa. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Dani alikuambia nini?"

"Ati ulikaa, ukakaa, hata akaanza kunizoesha uji. Halafu siku moja akaona mtu anakuja mbio kutoka steji. Kiatu moja nyeusi, ingine brown. Handbag imefunguka, vitu zinaanguka, watu wanaokota nyuma yako wanaita 'mama, mama', hugeuki. Mchungaji alikuwa kwa mlango, ukampita kama nguzo. Dani alikuwa anacheka hiyo siku mpaka anatoa machozi. Alisema hajawahi ona mtu anakimbia hivyo na hakuna mwenye anamfukuza."

Mimi nakumbuka nilitembea. Ningeapa mahakamani. Nakumbuka nilishuka pale steji nikaenda polepole, kichwa chini, nikipanga uongo wa cherehani iliyoharibika. Viatu sikumbuki kabisa. Miaka yote hiyo nimejiona nikitembea.

Mwandishi alikuwa amekwisha kufumbua macho, anapapasa pembeni ya kiti akitafuta kalamu. Sikumzuia. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nacheka. Nikamgeukia Akinyi nikamwomba arudie, polepole, kuanzia pale steji.